Tauni ya Shume na Tumbo la Kiroboto: Mbona Dawa Hazikugoma Lushoto?

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto unapanda kilomita 33 hivi za kona juu ya kona. Unapita Soni na maporomoko yake, halafu baridi inaanza kukugusa masikio kabla hujafika mjini. Usiposhuka hapo, ukaendelea juu kupita Magamba na msitu wake kuelekea Lukozi, Shume na Mtae, utakutana na malori yaliyojaa kabichi, karoti na viazi yakishuka kwenda Dar. Wageni wengi wanaopanda huko siku hizi wanafuata mandhari. Ni wachache wanaojua kwamba kwa zaidi ya miaka 20 vijiji vile vilikuwa miongoni mwa sehemu chache duniani ambako tauni, ile ile ya kwenye vitabu vya historia ya Ulaya, ilirudi karibu kila mwaka kama msimu wa mavuno.

Mimi nasomea bakteria wa mapafuni. Kwa usahihi zaidi, nasomea jinsi bakteria wanavyojifunza kuzikataa dawa ndani ya mapafu ya watu waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao sistiki faibrosisi. Likizo iliyopita nilipanda kumsalimia bibi yangu upande wa Shume. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa shahada ya uzamili analiogopa: "Hivi mjukuu wangu, unasoma nini hasa?" Nikajaribu kueleza. Nikamwambia kuna wadudu wadogo wanaokaa kifuani mwa mtu miaka na miaka, na kila dawa unayowapa mwisho wake hawaisikii tena.

Akanyamaza kidogo, akasema: "Sasa mbona tauni yetu ilisikia dawa?"

Nikaanza kujibu, nikagundua sina jibu. Nilikuwa na vipande vya majibu tu. Nilichoandika hapa ni kile nilichokuja kukipata baadaye, na kumbe swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni.

Tuanze na mwaka 1980. Mwezi Aprili mwaka huo watu wa Usambara Magharibi walianza kuugua homa kali ya ghafla, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, na mitoki inavimba kwenye kinena, kwapani au shingoni, inauma hata kuguswa na nguo. Bukheti Kilonzo na mwenzake Mhina walichapisha taarifa ya mlipuko huo mwaka 1982 wakiueleza kuwa ndio wa kwanza katika wilaya ya Lushoto. Kwa Tanzania nzima lakini tauni haikuwa mgeni. Mwaka 1897 na 1898, wakati wa Wajerumani, Robert Koch mwenyewe, yule aliyemgundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, aliandika kuhusu tauni ya Kiziba, huko Bukoba. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Alexandre Yersin kumtambua bakteria wa tauni Hong Kong mwaka 1894. Bakteria huyo leo anaitwa kwa jina lake: Yersinia pestis.

Kilichowashangaza watafiti kuhusu Lushoto ni kwamba ugonjwa ulikataa kuondoka. Milipuko mingi ya tauni huja, huua, hupotea. Huku ulikuja 1980 ukabaki hadi miaka ya mwanzo ya 2000. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu, na waliokufa kwa mamia. Mwaka 1991 peke yake Tanzania iliripoti zaidi ya wagonjwa 1,000, na Lushoto ndiyo iliyokuwa kitovu. Kiini chake kilikuwa kata ya Shume na vijiji vya jirani, ukingoni mwa msitu wa Shume-Magamba. Kijiji kimoja kinaugua mwaka huu, cha jirani kinapona. Mwaka unaofuata hali inageuka. Wanawake na watoto waliugua zaidi kuliko wanaume watu wazima.

Bibi anakumbuka vizuri. Anakumbuka mahindi yalivyokuwa yanahifadhiwa darini, juu ya meko, yapate moshi yasibunguliwe, na usiku panya wanakimbizana juu ya vichwa vyenu. Anakumbuka watoto na akina mama wakilala chini kwenye mikeka, na vitanda wakiachiwa wakubwa. Mimi mwenyewe nilikuwa mdogo sana, ila nina picha moja kichwani: watu wawili wamefunika pua kwa vitambaa, wananyunyiza unga mweupe kwenye sakafu ya udongo, na sisi watoto tumetolewa nje tunachungulia mlangoni. Ule unga ulikuwa wa viroboto.

Kuhusu unga huo kuna kisa kidogo ambacho ni lazima nikitaje, maana ndipo neno "usugu" lilipoingia Lushoto kwa mara ya kwanza, na halikuingia kupitia bakteria. Kwa miaka mingi silaha dhidi ya viroboto duniani kote ilikuwa DDT. Kilonzo na wenzake walipowapima viroboto wa panya wa Lushoto walikuta wapo wanaotembea juu ya DDT kama wanatembea juu ya unga wa ugali. Ikabidi zitumike dawa nyingine. Kwa hiyo usugu ulikuwepo pale pale, ndani ya nyumba zile zile, kwa mdudu mwenye miguu sita. Bakteria aliyekuwa tumboni mwa kiroboto huyo ndiye hakuonekana kujifunza chochote.

Hebu sasa tumwangalie huyo bakteria, kisha turudi kwa bibi.

Yersinia pestis kwa kawaida anaishi baina ya panya na viroboto. Kiroboto anamnyonya panya mgonjwa, bakteria wanaingia tumboni mwake, na humo wanafanya jambo la ajabu: wanajijenga kuwa utando, yaani kundi lililoshikamana kwa ute, na utando huo unaziba mlango wa tumbo la kiroboto. Akinyonya, damu haiingii. Njaa inamshika. Anauma hapa, anauma pale, na kila anapouma damu inagonga ile kizibo na kurudi ndani ya jeraha ikiwa na bakteria. Panya akifa, kiroboto anatafuta mwenyeji mwingine, na kama wewe ndiye uliyelala mkekani hapo chini, basi.

Ndani ya mwili wa binadamu bakteria wanakimbilia tezi ya karibu, inavimba, ndiyo ile mitoki. Bila tiba, tauni ya mitoki huua kati ya wagonjwa 30 na 60 katika kila 100. Wakati mwingine inaingia kwenye damu. Na wakati mwingine, hapa ndipo inapogusa somo langu, inafika mapafuni. Tauni ya mapafu ni ugonjwa mwingine kabisa kwa tabia: mgonjwa anakohoa makohozi yenye damu, na anayemuuguza anaupata kwa kuvuta matone ya kikohozi, bila panya, bila kiroboto. Asipotibiwa karibu kila mara hufa, tena haraka. Madaktari wanahesabu saa 24 za mwanzo. Fikiria ni nani anayekaa karibu na mgonjwa nyumbani kwetu, anayemshika, anayemlisha uji. Ni mama, ni dada, ni shangazi.

Tiba ya Lushoto miaka hiyo ilikuwa hasa sindano ya streptomaisini, pamoja na tetrasaiklini na kloramfenikoli. Waliokaa na mgonjwa nao walipewa dawa ya kinga. Waliowahi kufika zahanati wengi walipona. Waliochelewa, iwe kwa umbali, kwa kudhani wamelogwa, au kwa sababu mvua imekata barabara, hao ndio waliojaza hesabu ya vifo.

Streptomaisini ina historia yake, na inafaa kuijua ili uone ugumu wa swali la bibi. Iligunduliwa Marekani mwaka 1943, kutoka kwa bakteria wa udongoni, na Albert Schatz akiwa mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman. (Waksman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952, Schatz hakupata. Wanafunzi wenzangu wa uzamili, mnaelewa ninachosema.) Ilikuwa dawa ya kwanza ya kweli dhidi ya kifua kikuu. Waingereza wakaifanyia jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 1948: wagonjwa 55 walipewa streptomaisini na kupumzishwa kitandani, 52 wakapumzishwa kitandani bila dawa. Miezi 6 baadaye walikuwa wamekufa 4 katika kundi la dawa na 14 katika kundi la pili. Ushindi! Lakini miezi ilivyosonga wengi waliokuwa wamepata nafuu walianza kurudi nyuma. Makohozi yao yalipopimwa, bakteria hawakuijali tena dawa. Yaani dawa mpya kabisa, na usugu ndani ya miezi michache, ndani ya mapafu ya mgonjwa yule yule.

Ndiyo maana kifua kikuu kikaanza kutibiwa kwa dawa zaidi ya moja kwa pamoja, na Afrika Mashariki ilikuwa moja ya viwanja vikubwa vya majaribio hayo. Mpango wa taifa wa kifua kikuu wa Tanzania, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Karel Styblo, daktari Mcheki, ndio ulioifundisha dunia namna ya kumsimamia mgonjwa ameze dawa mpaka mwisho. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Kwa hiyo tuna dawa moja, streptomaisini. Mapafuni kwa mgonjwa wa kifua kikuu inagoma ndani ya miezi. Huku Shume inatumika kwa miaka 20 na zaidi dhidi ya tauni, na inaendelea kufanya kazi. Tena mwaka 2002 watafiti wakiongozwa na William Mwengee walifanya jaribio katika vituo vya afya vya Tanzania, kwa wagonjwa 65 wa tauni, watu wazima na watoto, kulinganisha dawa mbili mbadala zilizo rahisi zaidi kupatikana: gentamaisini ya sindano na doksisaiklini ya kumeza. Waliopewa gentamaisini walikuwa 35, wakafa 2. Waliopewa doksisaiklini walikuwa 30, akafa 1. Wengine wote walipona au hali zao zikawa nzuri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na ninaona fahari kidogo kusema kwamba daktari wa nchi nyingine anapoandika doksisaiklini kwa mgonjwa wa tauni, moja ya sababu za yeye kuiamini ilitoka kwetu.

Mbona basi?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni muda. Usugu hautokei kwa sababu bakteria "wanazoea" dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Bakteria wanapozaliana kwa mamilioni, mmoja mmoja huzaliwa na kosa dogo kwenye jeni zake, na kwa bahati kosa hilo linamfanya asidhurike na dawa. Dawa inaua wenzake, yeye anabaki na shamba zima. Ili aongezeke anahitaji muda akiwa chini ya dawa. Tauni haimpi. Ndani ya wiki moja au siku kumi mambo yamekwisha kwa binadamu: ama umepona, ama umezikwa. Kifua kikuu kinakaa miezi. Na kwa mgonjwa wa sistiki faibrosisi ni maisha yake yote. Jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 1989, ina kasoro. Chumvi na maji havipiti sawasawa kwenye kuta za seli, na kamasi ya mapafuni inakuwa nzito kama gundi. Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, ambaye wewe na mimi tunamvuta na kumtoa bila kujua, anaingia humo na kupiga kambi. Anapewa antibiotiki mgonjwa akiwa mtoto, akiwa kijana, akiwa mtu mzima. Kila dozi ni mtihani, na bakteria ana miaka 20 ya kufanya marudio.

Sehemu ya pili ilinishangaza zaidi, kwa sababu nilikuwa naisoma kila siku bila kuiona. Ni ule utando. Pseudomonas ndani ya mapafu hayo anajifunika utando wa ute ambao antibiotiki inaupenya kwa shida, na walio katikati yake wamepunguza shughuli zao kiasi kwamba dawa inayoua bakteria wanaokua haina cha kushika. Sasa kumbuka: Yersinia pestis naye anaujua ujanja huo. Anaufanya tumboni mwa kiroboto. Lakini anaufanya kwenye ubaridi, kwenye joto la mwili wa kiroboto. Akiingia kwenye mwili wa mtu wenye nyuzi 37, mitambo yake ya kutengeneza utando inazimwa, anaingiza nguvu zake kwenye kukwepa kinga ya mwili na kuzaliana kwa kasi. Kwa lugha ya kijijini, anapoingia kwetu anavua koti. Ndipo streptomaisini inapomkuta.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo si la kikemia. Kwa tauni ya mitoki binadamu ni mwisho wa njia. Hata kama ndani ya mgonjwa mmoja wa Shume alizaliwa bakteria sugu, angerudije kwa panya? Mgonjwa anapona au anakufa, na bakteria huyo anaishia hapo. Wale wanaoendeleza ukoo wako shambani na msituni, kwenye panya ambao hawajawahi kuonja antibiotiki maishani mwao.

Nilipofika hapo nilifurahi, nikataka kumpigia bibi simu. Nilikuwa nimepata maelezo mazuri, yanayofungana vizuri. Halafu nikasoma habari za Madagaska, na maelezo yangu mazuri yakapata ufa.

Mwaka 1995, katika wilaya ya Ambalavao nchini Madagaska, kijana wa miaka 16 aliugua tauni ya mitoki. Alitibiwa na akapona. Bakteria wake alipelekwa maabara kama kawaida. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1997 ilionyesha kwamba bakteria huyo alikuwa sugu kwa streptomaisini, kwa tetrasaiklini, kwa kloramfenikoli, kwa ampisilini na kwa dawa za salfa. Soma orodha hiyo tena polepole. Dawa tatu za mwanzo ndizo zile zile tulizokuwa tunazitegemea Lushoto mwaka huo huo wa 1995.

Na usugu huo haukutokana na kosa dogo la kuzaliwa nalo. Ulikuja kama kifurushi: kipande cha ziada cha DNA, mviringo mdogo uitwao plazmidi, ukiwa umebeba jeni nyingi za usugu kwa pamoja. Bakteria huupitisha kutoka kwa mmoja hadi mwingine, hata kama si wa ukoo mmoja, kama mtu anavyomtumia jirani faili kwa simu. Plazmidi za jamii hiyo hukutwa kwa bakteria wa tumboni, na baadaye ndugu zake wa karibu walionekana kwenye Salmonella wa nyama za madukani Marekani. Bakteria wa tauni hakuwa na haja ya kukaa chini ya dawa kwa miaka. Alipewa jibu la mtihani na mtu mwingine aliyekwisha kuufanya.

Alipewa wapi? Mwaka 2002, mwaka ule ule wa jaribio la Tanzania, Joseph Hinnebusch na wenzake walijaribu jambo rahisi. Waliwalisha viroboto damu yenye bakteria wa aina mbili: Yersinia pestis wa kawaida, na E. coli mwenye plazmidi ya usugu. Baada ya siku 3 tu walikuta Yersinia walioupokea usugu, na baada ya wiki 4 karibu viroboto wote walikuwa nao. Ule utando unaoziba tumbo la kiroboto, ambako bakteria wamebanana kifua kwa kifua, ndio sokoni kwenyewe.

Kwa hiyo nilikuwa nimetazama upande usiofaa. Nilimwangalia mgonjwa, nikahesabu siku zake za dawa, nikasema bakteria hana muda. Kumbe mahali pa hatari pangeweza kuwa sakafuni, ndani ya kiroboto aliyemnyonya mnyama mwenye bakteria wengine wa tumboni kwenye damu yake. Na Lushoto viroboto hawakuwa wachache. Utafiti wa Anne Laudisoit na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulikusanya viroboto wa majumbani katika vijiji 12 vya Usambara Magharibi: 7 vilivyopata tauni mara kwa mara, na 5 vilivyoipata kwa nadra au havikuipata kabisa. Asilimia 72.4 ya viroboto wa ndani walikuwa Pulex irritans, kiroboto wa binadamu, si wa panya. Na vijiji vilivyougua zaidi ndivyo vilivyokuwa na kiroboto huyo kwa wingi zaidi. Haithibitishi kwamba ndiye aliyeeneza, na watafiti wenyewe walisema kwa uangalifu kuwa huenda ana mchango. Lakini fikiria mkeka ule, kuku na mbuzi wanaolala nyumba moja na watu wakati wa baridi, panya darini.

Madagaska haikuishia kwa kijana mmoja. Mwaka 2013, wilaya ya Faratsiho, kulitokea mlipuko wa tauni ya mapafu ambao bakteria wake alikuwa sugu kwa streptomaisini. Safari hii haikuwa plazmidi, lilikuwa kosa dogo kwenye jeni ya bakteria mwenyewe, na akapita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa kikohozi. Kumbuka nilivyosema binadamu ni mwisho wa njia. Kwa mitoki, ndiyo. Kwa mapafu, hapana. Ugonjwa ukishafika mapafuni, bakteria sugu hamhitaji panya tena.

Sitaki nikutishe bure. Hadi sasa aina sugu za tauni zilizogunduliwa ni chache mno, zinahesabika kwa vidole, na dawa nyingine bado zinafanya kazi. Ninachosema ni kwamba Lushoto haikuwa na kinga ya kibaiolojia niliyodhani ilikuwa nayo. Ilikuwa na tabia za bakteria zinazomweka upande wetu, ndiyo, halafu na bahati. Kiasi gani ni tabia na kiasi gani ni bahati, mimi siwezi kukugawia kwa asilimia.

Tauni yenyewe iliondoka Lushoto karibu mwaka 2004, karibu kimyakimya. Kuna wanaotaja nyumba bora, vitanda, dawa za viroboto, mabadiliko ya kilimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, akina Rhodes Makundi na Robert Machang'u, wakishirikiana na wenzao wa Antwerp, wametega panya mashambani na msituni miaka mingi wakitafuta mnyama anayemtunza bakteria huyu kati ya mlipuko na mlipuko. Mwaka 2007 tauni ikaibuka Mbulu, mbali kabisa na Usambara.

Katika chuo hicho hicho, Morogoro, kuna panya wengine wenye kazi tofauti. Shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua yenye kifua kikuu. Panya mmoja anaweza kupita sampuli 100 kwa takriban dakika 20. Nilipomwambia bibi kwamba siku hizi panya wanaajiriwa hospitali alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama wanalipwa. Nikamwambia wanalipwa ndizi.

Basi nikamweleza yote, jioni moja, polepole, kwa Kiswahili na pale nilipokwama kwa Kisambaa changu kibovu. Nilimweleza habari za koti linalovuliwa, faili linalotumwa, soko la tumboni mwa kiroboto. Alisikiliza. Kisha akainuka akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki wa dawa zake. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya presha, vya maumivu ya viungo, na karatasi iliyokunjwa yenye kapsuli nne za doksisaiklini. Alibakiza mwaka jana alipopata nafuu ya kikohozi, akaziweka "za akiba".

"Na hizi je?" akauliza.